Damu ya Bibi Harusi

Nimeozesha ndoa mia moja na kumi na nne hapa Kot Nihal na vijiji vya jirani, na hakuna hata moja iliyovunjika. Haya, nne zilivunjika. Ya tano haikufika hata kuvunjika, maana bibi harusi alitoroka na mpishi siku yenyewe ya pilau, na huyo mpishi alikuwa shemeji yangu. Lakini mia na tisa zimesimama. Kama wapo wawili watatu ambao hawasemezani tangu mwaka wa mafuriko, hiyo si kuvunjika, hiyo ni amani.

Mimi ni Barkat, mjane wa Nazir kinyozi. Kwetu kinyozi hanyoi tu. Ndiye anayepika harusini, ndiye anayetahiri watoto, ndiye anayepeleka posa. Na mke wa kinyozi ndiye mshenga, ndiye somo wa bibi harusi, ndiye anayetoboa pua za wasichana. Kwa hiyo zilipobaki siku kumi Shaista binti Ghafur aolewe na Tanvir, wa kumsugua singo alikuwa nani kama si mimi?

Alikuwa ameketi chumbani kwenye kitanda cha kamba, kavaa nguo za njano kama desturi, haruhusiwi kutoka wala kuonwa na mwanamume asiye baba yake mpaka siku ya harusi. Nilichanganya unga wa dengu, manjano na mafuta ya haradali, nikaanza na mikono. Mikono ya Shaista ni mirefu, vidole vyembamba. Nimeisugua mikono mingi, mingine kama magunzi, lakini ile ukiishika unaona haya kuiachia.

Siku hiyo haikuwa baridi.

"Mwanangu, unatetemeka. Ni harusi hiyo, au umeniona nilivyozeeka?"

Hakucheka. Shaista ambaye hucheka hata nyati akipiga chafya.

"Shangazi, majibu ya pili yamekuja."

Mkono wangu ukasimama.

Yote hayo yalianzia shule ya wasichana. Dada Riffat, mhudumu wetu wa afya, alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti cha msikiti wiki mbili mfululizo: njooni mpimwe homa ya ini, ile aina ya C, ile sisi tunayoiita manjano nyeusi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka ishirini haumwi hata kidole, huku ini linaliwa polepole. Mimi nilikwenda kwa sababu walikuwa wanagawa sabuni. Nikamburuta na Shaista, nikamwambia twende, sabuni mbili ni bora kuliko moja. Wakanichoma kidole, kwenye kipimo kikatoka kistari kimoja. Safi. Riffat akasema damu yako haina neno, Shangazi, sasa tukapime ulimi.

Kwa Shaista vikatoka vistari viwili. Wakamtoa damu nyingine mkononi, ikapelekwa mjini kwenye mashine kubwa.

"Imesemaje hiyo mashine?" nikauliza.

"Kwamba ninayo kweli."

Akasema hivyo hivyo, kama anayeniambia chumvi imekwisha. Kisha machozi yakaanza kushuka, yakichora mifereji kwenye singo.

"Riffat anasema ni vidonge, kimoja kwa siku, miezi mitatu. Anasema wengi wanapona kabisa kabisa. Anasema nimewahi, ini langu bado zima. Anasema mengi, Shangazi. Mimi nilikuwa nasikia neno moja tu."

"Lipi?"

"Tanvir."

Nilimjua huyo Tanvir tangu hajaota meno. Fundi wa matrekta mjini, anakuja nyumbani mwisho wa wiki, mrefu, ana kucha nyeusi za grisi na macho ya mtu anayeomba msamaha kabla hajakosa. Miaka miwili alikuwa akipita mbele ya nyumba ya Ghafur kwa pikipiki, anaizima, anajifanya imekufa, anaitengeneza. Kijiji kizima kiliamini ile pikipiki ni mbovu. Mimi ndiye niliyemfuata nikamwambia, kijana, au upeleke posa au ununue pikipiki nzima.

"Anajua?" nikamuuliza Shaista.

"Nilimpigia simu juzi, nikamwambia kila kitu. Sikutaka aingie kwenye ndoa kama anayenunua ng'ombe gizani."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Nikasikia nyundo za gereji. Halafu simu ikakatika, na hajapiga tena."

Siku mbili! Siku mbili mtu hajapiga simu! Nikashika bakuli la singo kwa nguvu, maana nilitaka kushika shingo ya mtu.

Ndipo tukasikia mlango wa uani ukifunguliwa pasipo hodi.

Alikuwa Sughran, mama yake Tanvir. Nikachungulia kwenye pazia. Amejifunga shela nyeusi, na mkononi ana sinia lililofunikwa kitambaa chekundu. Sinia lile nililijua, nililipeleka mimi mwenyewe siku ya uchumba. Sinia la uchumba likirudi kwa miguu ya mama mkwe, halijabeba halua.

Nikamwambia Shaista akae pale pale, nikatoka na mikono yangu ya njano.

Mzee Ghafur alikuwa ameshainuka. Mtu mpole, aliyefiwa na mke, ana nyati watatu na binti mmoja, na vyote anavisemesha kwa sauti ile ile ya upole. Akampa mgeni kiti, akaita maziwa ya mtindi yaletwe, kisha akakumbuka wa kuyaleta amefungiwa ndani, akaenda kuyaleta mwenyewe.

Sughran aliitazama gilasi kama anayetazama nge.

"Asante, kaka Ghafur. Sina kiu."

"Kwenye jua lote hili, dada?"

"Nimesema sina kiu."

Nikajua tayari anajua. Hapa kwetu habari haihitaji miguu.

"Sughran," nikasema, "ugonjwa ule hauambukizi kwa gilasi. Wala kwa sahani, wala kwa kukumbatiana. Ni damu kwa damu. Kunywa, usituaibishe."

"Barkat, na wewe umekuwa daktari? Nikitaka tiba ya mdomo mrefu nitakuita." Akaweka sinia mezani na kulifunua. Pete ikang'aa pembeni ya nguo zilizokunjwa. "Kaka Ghafur, mimi sina ugomvi na wewe. Binti yako nilimpenda. Mungu ni shahidi, nilimpenda kuliko alivyokuwa anastahili. Lakini mwanangu ni mmoja. Siwezi kumwozesha maiti inayotembea."

Ghafur akakaa.

"Usimwite mwanangu hivyo," akasema polepole.

"Nimwiteje? Watu watasema nini? Kwamba nyumba ya Sughran imeletewa bibi harusi mwenye manjano nyeusi? Na ameyapata wapi, msichana ambaye hajaolewa? Hilo ndilo swali watu wanauliza. Mimi siulizi. Wanauliza watu."

Pazia la chumbani likatikisika. Nyuma yake nikasikia pumzi ikikatwa katikati.

Mimi ni mzee wa kucheka. Nimecheka kwenye misiba, nimecheka hata kwenye kaburi la mama mkwe wangu, Mungu anisamehe. Lakini pale kicheko kilinikauka, kwa sababu jibu la swali lile nilikuwa nalo mimi tangu siku ile niliyotoka shuleni, na nilikuwa nimelilalia kama kuku.

"Ameyapata wapi?" nikasema. "Huenda ameyapata kwangu."

Wakageuka wote wawili.

"Pua yake nilimtoboa mimi, akiwa na miaka saba. Kwa sindano yangu ile moja. Sughran, unaijua ile sindano. Miaka ishirini na mbili naitumia sindano moja. Naichovya kwenye mafuta ya haradali ya moto, napiga bismillahi, nachoma. Nilidhani mafuta yanasafisha. Riffat ameniambia hayasafishi kitu, yanailainisha tu sindano ipenye vizuri na damu ya mwingine."

"Astaghfirullah," akasema Ghafur.

"Na siku ile sikumtoboa Shaista peke yake. Kulikuwa na wasichana watano wamepanga mstari, ilikuwa wiki ya Idi. Wa kwanza na wa pili walikuwa mabinti zako, Sughran. Shaista alikuwa wa tatu."

Sughran akafungua mdomo. Niliona mkono wake ukipanda wenyewe mpaka kwenye pua yake, kana kwamba sindano bado imo.

"Unataka kunitisha."

"Nataka ukawapime. Na wewe ukapimwe. Nani Kot Nihal anayependa dripu kukuzidi? Ukichoka, dripu. Ukigombana na mume, dripu. Baridi ikija, dripu ya nguvu. Joto likija, dripu ya kupoza. Yule mtu wa duka la dawa pale njia panda anachomoa sindano kwako anaichomeka kwa mwenzio kitanda cha pili, na wewe unamsifu kwamba ana mkono mwepesi. Shaista alipougua homa ya matumbo alipelekwa hapo hapo. Sijui ni yeye, sijui ni mimi. Hata Riffat anasema hakuna atakayejua. Na Nazir wangu..."

Nazir alifariki tumbo limejaa maji kama mtungi, macho ya njano. Tulisema ni kijicho cha watu. Tulichinja jogoo mweusi. Miaka thelathini alinyoa ndevu za kijiji kizima kwa wembe mmoja anaoufuta kwenye suruali, na kila alipojikata alicheka akasema sasa tumekuwa ndugu wa damu.

"Nazir wangu hakupimwa," nikamaliza. "Hilo tu ndilo nililotaka kusema."

Nyati mmoja akatafuna. Ghafur alikuwa amefunika uso kwa kilemba chake, na sikujua kama ananililia mimi au ananilaani. Haki yake yote mawili.

Sughran alikuwa wa kwanza kujikusanya. Wanawake wa aina yake huwa hawadondoki, hupinda tu.

"Mabinti zangu ni wazima," akasema. "Wamenona. Mtu mgonjwa hanenepi. Na maneno yako, Barkat, hayabadilishi kilichomo kwenye damu ya huyu. Chukua pete, kaka Ghafur. Tusitoe sauti watu wakasikia."

Kama vile aliitwa, pikipiki ikazimika nje. Safari hii haikujifanya imekufa.

Tanvir aliingia na vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Haruhusiwi kukanyaga ua ule siku kumi kabla ya harusi, desturi anaijua, na aliikanyaga kama anayekanyaga majani makavu. Hakumtazama mama yake. Alitazama pazia. Na mimi niliyesimama katikati nilihisi kama nimesimama mlangoni mwa tanuri, nikasogea.

"Asalaam alaikum, baba," akamwambia Ghafur.

"Waalaikum salaam, mwanangu." Ghafur hakujua afanye nini na neno hilo "mwanangu", likamtoka kwa mazoea.

"Tanvir, rudi nyumbani," akasema Sughran.

Kijana akaiona gilasi iliyokataliwa. Akaichukua, lakini hakuinywa. Aliiweka chini, akapita mpaka kwenye mtungi ulio karibu na pazia, ambako kulikuwa na kikombe cha bati. Kikombe cha Shaista, kila mtu anakijua, kimebonyea upande mmoja. Kilikuwa na maji nusu. Akayanywa yote, akafuta mdomo kwa mkono, akakirudisha taratibu.

"Tanvir!"

"Nilikuwa na kiu, mama. Nimetoka mjini bila kusimama."

Nyuma ya pazia, sauti ndogo: "Siku mbili."

Akasogea hatua moja. "Najua."

"Siku mbili nimekaa na simu mapajani kama kifaranga."

"Najua, Shaista. Simu iliniponyoka ikaingia kwenye pipa la oili. Haki ya Mungu, mikono ilikuwa inatetemeka. Nikasema basi nitakuja mwenyewe, lakini kulikuwa na trekta la watu..."

"Trekta."

"Niliogopa," akasema. "Sikuogopa ugonjwa. Niliogopa kusema neno bovu likakukaa maisha."

Mtu aliyeozesha mia na kumi na nne anajua kutofautisha mwanamume anayetafuta maneno na mwanamume anayetafuta mlango wa kutokea. Huyu alikuwa anatafuta maneno. Lakini Shaista naye namjua.

"Mama yako ana haki," ikasema sauti ya pazia. "Chukueni pete. Sitaki kuolewa na mtu anayenionea huruma. Leo utanywa maji kwenye kikombe changu mbele ya watu. Baada ya miaka mitano, tukigombana, utanikumbusha kikombe hicho."

"Sikuonei huruma."

"Unanionea. Nasikia kwenye sauti yako."

"Umemsikia mwenyewe," akasema Sughran, tayari anainuka. "Msichana ana akili. Twende."

Hapo ndipo Tanvir alipokosa njia. Nilimwona akitazama kulia, akitazama kushoto, kama mtu aliyesimama juu ya paa ngazi imeondolewa. Kisha akavuta pumzi.

"Huruma ya nini?" akasema kwa nguvu. "Hata mimi ninayo."

Sughran aligonga meza, sinia likaanguka. Pete ikaviringika mpaka chini ya nyati.

"Una nini?" Sughran akanong'ona.

"Manjano nyeusi. Nimepimwa. Ninayo kama yeye. Kwa hiyo, mama, kama ni maiti, tuko maiti wawili, tuzike pamoja kwa gharama moja. Tutameza vidonge pamoja, asubuhi kimoja yeye, kimoja mimi. Shaista, umesikia? Hakuna wa kumwonea mwenzake huruma."

Nilimtazama Sughran. Nilidhani atazimia, nikaanza kufikiria nitamshika upande gani, maana ni mzito. Lakini mama ni mama. Rangi ilimtoka, ikarudi, na iliporudi ilirudi na mwanamke mwingine kabisa.

"Sasa ndio nini?" akafoka, akitugeukia sisi kana kwamba ndio tuliomtukana mwanawe. "Mnamkodolea macho ya nini? Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine! Unatibika! Kila siku Riffat anatangaza msikitini, masikio hamna? Vidonge miezi mitatu, dawa za serikali, bure. Wala si ugonjwa wa tabia mbaya, ni sindano chafu na wembe mchafu. Wembe wa mumeo, Barkat! Mwanangu alinyolewa na nani? Anayemnyooshea kidole mgonjwa wa ini ni mjinga, hajaenda shule."

"Mimi niliishia darasa la nne," nikasema, "lakini naona wewe umefaulu la kumi sasa hivi."

"Nyamaza! Kaka Ghafur, iokote hiyo pete. Harusi iko pale pale. Nani mwingine atamwelewa mwanangu kama si Shaista? Mwenzie huyo, anajua dawa, anajua saa za kumeza..." Akainyakua gilasi ya mtindi na kuinywa yote kwa mkupuo mmoja, masharubu meupe yakamkaa juu ya mdomo.

Ghafur alikuwa ameshapiga magoti chini ya nyati, anatafuta pete, analia na kucheka. Mimi nilishaanza kuihesabu: mia na kumi.

Pazia likafunguka.

Shaista akasimama mlangoni na nguo zake za njano, singo limemkauka mashavuni na mifereji ya machozi katikati yake. Hakuna bibi harusi anayetoka hivyo. Wala sijawahi kuona mwanamume akimtazama mtu aliyepakwa unga wa dengu namna Tanvir alivyomtazama yule. Walikuwa mbali hatua nne.

"Ulipimwa lini?" akauliza Shaista. Sauti laini.

"Ijumaa."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Shuleni. Nilipita asubuhi kabla ya kurudi mjini."

"Walikuchoma kidole gani?"

"Hiki." Akainua kidole cha shahada, cheusi cha grisi.

"Nani alikupima?"

"Daktari yule." Akainua mkono wa pili kuonyesha urefu. "Mwanamume, mrefu hivi. Ana ndevu."

Shaista akaegemea kizingiti. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza, sikujua kama ni kicheko au kilio, nadhani hata yeye hakujua.

"Tanvir. Waliokuja ni wanawake watatu. Walipima wanawake Alhamisi, vifaa vikaisha adhuhuri, wakafunga masanduku wakaondoka. Zamu ya wanaume ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa shule ilikuwa na kufuli. Hakuna mwanamume hata mmoja wa Kot Nihal aliyepimwa."

Masikio ya Tanvir yakawa mekundu kama pilipili. Akakitazama kidole chake kilichobaki hewani, kana kwamba ni cha mtu mwingine, akakishusha.

"Nilitaka tuwe sawa," akasema.

Sughran, na masharubu yake meupe ya mtindi, akamshika mwanawe mkono wa shati.

"Kwa hiyo huna?"

Tanvir akakificha kile kidole mfukoni.

"Nakuuliza, Tanvir! Unayo au huna?"

Alimtazama Shaista, si mama yake, na akasema kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na sukari guru mdomoni:

"Sijui, mama. Sijapimwa."